Dagaa, Taa na Mbalamwezi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumatano iliyopita, kwenye ibada ya nyumbani hapa Kibirizi, Kigoma, nilisema neno nililoliona ni langu kabisa. Nilisema mwanadamu ni kama dagaa: anaifuata taa ya wavuvi akidhani safari ni yake, kumbe wavu uko chini unamngoja. Watu wakatikisa vichwa, nami, niseme kweli, nikajisikia. Baada ya sala mama mmoja anayeanika dagaa pale mwaloni akanisogelea. "Mwanangu, umenikumbusha marehemu baba. Neno hilo alikuwa akitwambia kila tulipokuwa wabishi."

Nilirudi nyumbani nimenywea. Sikuiba, huyo mzee sikuwahi hata kumwona. Ila nilipolifuata wazo lile hadi lilikotoka, nikakuta ziwa si langu, taa si zangu, na Kiswahili nilichosemea nilifundishwa na mama yangu. Paulo anauliza, "Nawe una nini usichokipokea?" (1 Wakorintho 4:7). Nililisoma andiko hilo miaka mingi nikifikiria mali na vyeo. Kumbe hata mawazo yamo.

Sasa kama mawazo tumepokea, maamuzi je? Swali hili lina mvi. Mwaka 1524 msomi wa Kikristo Erasmus aliutetea utashi huru, yaani uwezo wa mtu kujiamulia mwenyewe, na mwaka uliofuata Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa Kanisa, akamjibu kwa ukali kwamba utashi wa mwanadamu umefungwa. Wanasayansi nao wamo. Mwaka 1983 Benjamin Libet na wenzake walipima ubongo wa watu walioambiwa wakunje mkono wakati wowote wapendao. Wakaona ubongo unaanza kujiandaa kama theluthi moja ya sekunde kabla mtu hajatambua kwamba anataka kuukunja. Wengine wakasema basi, utashi huru umekwisha. Libet mwenyewe hakufika huko. Aliona bado kuna nafasi ndogo ya mtu kuuzuia mkono wake.

Kukunja mkono bila sababu na kumsamehe ndugu yako ni vitu viwili mbalimbali, kwa hiyo sitajenga imani juu ya kipimo hicho. Lakini hiyo nafasi ndogo naijua. Mwaka huu nimeshashika simu usiku, ujumbe mkali umeandikwa wote, kidole kiko juu ya kitufe, nikaufuta. Nani aliufuta? Paulo anatuambia tuutimize wokovu wetu wenyewe, na kabla hatujavuta pumzi anaongeza kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yetu, "kutaka kwenu na kutenda kwenu" (Wafilipi 2:12-13). Nimejaribu kuchagua nusu moja ya maneno hayo niiache nyingine. Haikatiki.

Yule mama, lakini, hakuwa amemaliza. "Baba alikuwa na kipande cha pili," akasema. "Mbalamwezi ikiwa kali, dagaa haji kwenye taa."

Sisi wa Kigoma tunalijua hilo tangu utotoni. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika ufukweni, kwa sababu mwanga umetanda ziwa zima na taa ya mvuvi haina tena cha kuitia. Dagaa wa usiku huo hana akili kuliko wa jana, wala hakuongezewa mapezi. Na mimi miaka yote nimekuwa nikiomba mapezi! Bwana, nipe nguvu ya kukataa, nipe msimamo. Sijawahi kuomba mwezi. Yesu aliposema, "Basi Mwana akiwaweka huru, mtakuwa huru kweli kweli" (Yohana 8:36), nadhani alikuwa akisema habari ya mwanga mkubwa hivyo, ambao mbele yake ile taa yangu ya usiku inabaki kitaa tu.

Jumatano ijayo tutasoma Yohana 8:31-36. Nimemwomba yule mama aje atueleze mengine ya baba yake. Amesema atakuja bila shaka. Mwezi utakuwa mpevu, hakuna dagaa wa kuanika.