Rudisheni sanduku la kura

Mashabiki wenzangu hukumbuka mabao. Mimi hukumbuka kura. Niulize London iliipiku vipi Paris kuandaa Olimpiki ya 2012, nitakutajia raundi zote nne bila kushika simu, na hapo ndipo watu huanza kunihurumia. Wanihurumie tu. Mchezo ninaoupenda kuliko mingine yote, ule wa nchi kuwania uenyeji, unauawa taratibu, na wanaouua wanatuambia wanautibu.

Tuanze na London hiyo hiyo. Ni Singapore, Julai 6, 2005. Miji ni mitano, kura ni ya siri, na utaratibu ni rahisi: wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) wanapiga kura, mji wenye kura chache kabisa unatoka, wanarudia mpaka mmoja upate zaidi ya nusu. Raundi ya kwanza: London 22, Paris 21, Madrid 20, New York 19, Moscow 15. Kati ya wa kwanza na wa mwisho kuna kura saba tu! Moscow ikaaga. Raundi ya pili Madrid ikaruka hadi 32 na kuongoza, London 27, Paris 25, na New York ikatoka na 16. Raundi ya tatu London 39, Paris 33, Madrid 31. Yaani Madrid, iliyokuwa juu ya wote dakika chache tu kabla, ilipoteza kura moja ikajikuta nje. Mwisho London 54, Paris 50. Wajumbe wawili tu wangebadili mawazo, ingekuwa 52 kwa 52.

Ndiyo maana wanaojua kazi hii hawamuulizi mjumbe swali moja tu la "utanipigia?" Swali kubwa ni la pili: rafiki yako akitolewa, kura yako inahamia wapi? Tony Blair, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, alikwenda Singapore akaonana na wajumbe hotelini, mmoja mmoja, kisha akaondoka kabla ya kura kwenda kupokea wageni wake wa mkutano wa nchi tajiri, G8, huko Scotland. Wengi husimulia kwamba London ilishinda kwa sababu ya Sebastian Coe, kiongozi wa kampeni yake, na wale watoto 30 wa London Mashariki aliowaleta ukumbini. Ni simulizi nzuri, na hotuba ilikuwa nzuri kweli. Mimi naamini kazi kubwa ilifanyika kule hotelini.

Miaka minne baadaye, Copenhagen, Oktoba 2, 2009. Rais Obama anapanda ndege kwenda kuiombea Chicago Olimpiki ya 2016, na Chicago inatoka raundi ya kwanza kwa kura 18. Wa kwanza kutoka! Sitasahau nyuso za watu waliokusanyika Chicago, kamera zikiwamulika, hawajui hata washangilie au waende nyumbani. Madrid iliongoza raundi ile kwa 28, Rio 26, Tokyo 22. Ukiishia hapo utadhani Madrid ina mlima mdogo tu wa kumalizia. Fuata namba zake: 28, kisha 29, kisha 32. Rio: 26, 46, 66. Kura 28 za Madrid zilikuwa za marafiki wa dhati, lakini hakukuwa na rafiki mwingine nyuma yao. Wabrazili walikuwa wamewaonyesha wajumbe ramani ya dunia yenye alama kila mahali Olimpiki ilipowahi kufanyika, na Amerika Kusini ilikuwa tupu. Hoja ya aina ile haimfanyi mjumbe akuchague wewe kwanza. Inamfanya aone aibu kukukataa mtu wake akishatoka.

Najua mnachotaka kuniambia: bahasha. Ndiyo, bahasha zilikuwepo. Salt Lake City ilipata Olimpiki ya majira ya baridi ya 2002 baada ya kuwalipia watoto wa wajumbe ada za vyuo, matibabu na zawadi za kila namna. Mambo yalipofumuka, wajumbe kumi wakaondoka IOC mwaka 1999, wengine kwa kufukuzwa, wengine kwa kujiuzulu. Nagano, mwenyeji wa 1998, ilipoulizwa hesabu za kampeni yake, vitabu vilikuwa vimeshachomwa moto.

FIFA nako tusiseme. Desemba 2, 2010, Zurich, Kombe la Dunia mbili ziligawiwa siku moja, na walioamua walikuwa watu 22 tu. Wangekuwa 24, ila wawili walikuwa wamesimamishwa baada ya kunaswa na waandishi wa gazeti waliojifanya mawakala wa kampeni. Uingereza iliwapeleka Mwanamfalme William, Waziri Mkuu David Cameron na David Beckham, na inasemwa ilitumia takriban pauni milioni 21. Ikapata kura mbili, na moja kati ya hizo ni ya mjumbe wao wenyewe. Urusi ikachukua 2018. Qatar ikaishinda Marekani 14 kwa 8 na kuchukua 2022, ingawa wakaguzi wa FIFA yenyewe walishaonya kuhusu joto la Juni na Julai. Wengi wa waliokuwa kwenye chumba kile walikuja kufungiwa au kushtakiwa kwa mambo mbalimbali.

Kwa hiyo siutetei usafi wa zamani. Usafi haukuwepo. Ninachosema ni kwamba ugonjwa ulikuwa mmoja na dawa iliyotolewa ni ya ugonjwa mwingine kabisa.

Upande wa Olimpiki, kilichowatisha wakubwa hakikuwa rushwa. Kiliwatisha kitu kingine: wananchi wa kawaida walianza kuulizwa, wakajibu. Kuwania uenyeji ni mnada, na kwenye mnada anayeshinda mara nyingi ni yule aliyekosea hesabu zaidi ya wenzake. Montreal iliandaa michezo ya 1976 ikamaliza kulipa madeni yake 2006. Watu wanaona. Kwa michezo ya majira ya baridi ya 2022, Stockholm, Krakow na Lviv zilijitoa. Oslo nayo ikajitoa Oktoba 2014, baada ya magazeti ya Norway kuchapisha orodha ya yale ambayo IOC ilitarajia kufanyiwa, ikiwemo tafrija na mfalme. Zikabaki Beijing na Almaty. Hata kura yenyewe, huko Kuala Lumpur, iligoma: tableti za kupigia zilisumbua, ikabidi warudie kwa karatasi, Beijing ikapita 44 kwa 40. Kwa michezo ya 2024, Boston ilijitoa, wananchi wa Hamburg walipiga kura ya maoni wakakataa, Roma ikaondoka, na Budapest ikafuata baada ya sahihi zaidi ya laki mbili na nusu kukusanywa kudai kura ya maoni. Wakabaki wawili, Paris na Los Angeles. IOC ikaogopa kumpoteza hata mmoja, ikawapa wote: 2024 Paris, 2028 Los Angeles, siku moja, Lima, Septemba 13, 2017.

Baada ya hapo utaratibu ukabadilishwa. Ikawekwa tume ya kuzungumza na wenye nia kimya kimya, kisha kuchagua mmoja wa "kuendelea naye na mazungumzo", na wajumbe wakawa wanaletewa jina hilo waseme ndiyo au hapana. Brisbane ilipata 2032 hivyo, kura 72 dhidi ya 5. Salt Lake City, ile ile, imepewa 2034 bila mpinzani. Wanasema inaokoa fedha za kampeni, na ni kweli, inaokoa. Ila sisi wa nje hatujui tena nani alishindwa, wala alishindwa kwa nini.

Atatokea mtu aniambie: mbona Los Angeles ya 1984 ilikuwa mgombea pekee na mambo yakaenda vizuri? Nafurahi umeuliza. Baada ya Montreal hakuna aliyetaka tena kubeba mzigo ule. Tehran ilijitoa, Los Angeles ikabaki peke yake, na kwa kuwa ilijua iko peke yake, ikaibana IOC: walipa kodi wa mji hawatabeba hasara, mkitaka. IOC ikakubali kulegeza kanuni yake. Wakatumia viwanja vilivyokuwepo, wakauza udhamini, wakamaliza na faida ya zaidi ya dola milioni 200. Pale mgombea pekee ndiye aliyekuwa na nguvu. Leo mgombea pekee hutokana na kanuni za mwenye mashindano. Hao ni watu wawili tofauti kabisa, msiwachanganye.

Sasa FIFA, na hapa naomba nikae kidogo.

Baada ya aibu ya 2010, walifanya jambo moja la maana ambalo halitajwi vya kutosha. Waliliondoa chaguo la mwenyeji mikononi mwa kamati ndogo, wakalipeleka kwenye mkutano mkuu wa mashirikisho yote, na wakaamua kura zitangazwe kwa majina. Ilifanyika Moscow, Juni 13, 2018: Marekani, Kanada na Mexico kwa pamoja dhidi ya Morocco, kwa Kombe la Dunia la 2026. Wale watatu walipata 134, Morocco 65.

Matokeo yalitabirika. Ripoti ya wakaguzi iliwapa wale watatu alama 4.0 kati ya 5 na Morocco 2.7, na waliahidi FIFA faida ya dola bilioni 11 huku Morocco ikiahidi 5. Utamu ulikuwa kwenye orodha. Ndani ya dakika chache kila mtu duniani aliweza kuona nani alimpigia nani. Saudi Arabia, ndugu Mwarabu, iliwapigia Wamarekani, na Wamorocco wakaona kwa macho yao. Ufaransa iliipigia Morocco. Brazil, ambayo ukanda wake ulisimama na wale watatu, ikaenda zake na Morocco. Iran ikachagua "hakuna hata mmoja", kura pekee ya aina hiyo. Niliisoma orodha ile kama watu wanavyosoma barua ya mapenzi. Kila jina lina hadithi ya deni, kinyongo au ahadi nyuma yake, na kwa mara moja wapiga kura walilazimika kwenda nyumbani kuwajibu watu wao.

Haikurudiwa.

Oktoba 4, 2023, FIFA ilitangaza kwamba 2030 ingekwenda Morocco, Uhispania na Ureno, na mechi tatu za mwanzo zichezwe Uruguay, Argentina na Paraguay kuadhimisha miaka 100 tangu Kombe la kwanza. Inavutia, sikatai. Lakini hesabu mabara: Afrika, Ulaya, Amerika Kusini, yote yameshahesabiwa wenyeji katika mashindano mamoja. Amerika Kaskazini ina 2026. Basi, kwa kuwa mabara hupokezana, 2034 imebaki kwa Asia na Oceania pekee, na siku ya mwisho ya kuonyesha nia ni Oktoba 31. Wiki zisizofika nne! Saudi Arabia ilitangaza nia siku ile ile. Australia ilitafakari mpaka siku ya mwisho, ikajitoa.

Kisha ikaja Desemba 11, 2024. Mkutano kwa njia ya mtandao, mashirikisho 211, Kombe mbili zimefungwa pamoja kuwa uamuzi mmoja: ukitaka Morocco, umeitaka na Saudi Arabia. Kura za majina hazikupigwa. Wajumbe walipiga makofi mbele ya kamera zao. Shirikisho la Norway lilipinga utaratibu huo kwa maandishi, likaachwa hivyo hivyo. Ripoti ya ukaguzi iliipa Saudi Arabia alama 419.8 kati ya 500, na sikushangaa. Ukisahihisha mtihani wa mwanafunzi mmoja, ni lazima awe wa kwanza.

Mtu ninayemfikiria zaidi katika haya ni shabiki wa Morocco. Nchi yake ilishindwa na Marekani kwa 1994, na Ufaransa kwa 1998, ikatoka raundi ya kwanza kwa 2006, ikapigwa 14 kwa 10 na Afrika Kusini kwa 2010 huku Nelson Mandela akiwa ukumbini Zurich, ikapigwa tena kwa 2026. Mara tano iliingia kwenye ushindani, mara tano ikarudi mikono mitupu. Ya sita haikuwa na ushindani, ikapata. Hakuna atakayewaonyesha nchi 150 zilizonyanyua mkono kwa ajili yao, kwa sababu mikono haikuhesabiwa. Wangeshinda hata kwa kura, nina hakika. Walivyojenga soka yao na viwanja tangu 2018 kila mtu ameona. Walinyimwa ushindi wenye namba.

Upande wa Olimpiki kuna dalili kidogo. Kirsty Coventry wa Zimbabwe aliingia madarakani kama rais wa IOC Juni 2025, na miongoni mwa mambo yake ya kwanza ilikuwa kusimamisha utaratibu wa kuchagua wenyeji ili uangaliwe upya, akisema wajumbe wenyewe wanataka kushirikishwa zaidi. India, Qatar na wengine wanaoitaka 2036 waliambiwa wasubiri. Ombi langu kwa Coventry si kubwa. Walete angalau wawili ukumbini, wapigiwe kura, na safari hii karatasi iwe na jina la mpigaji, kama ya Moscow. Kampeni zao nitazisoma zote, hata zile kurasa za vyumba vya hoteli na mabasi ambazo najua hazisomwi na mtu mwingine.