Vyombo vitatu vilivyokufa, na radi iliyosingiziwa

Kwenye kabati la sebuleni nina boksi la viatu ambalo mume wangu analiita makaburi. Ndani yake mna bodi ya televisheni, modemu nyeusi iliyovimba ubavu mmoja, na relei ya friza, yaani swichi yake ndogo inayojiendesha. Sijaweza kuvitupa. Vyote vilikufa ndani ya miaka minne, hapa hapa Panzi, mtaa wa Bukavu, Kongo, na kila mara majirani walitoa hukumu ile ile kabla harufu haijaisha nyumbani: radi. Mmoja aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kuna radi za kutumwa. Nilimwongezea chai, akanyamaza.

Siwalaumu. Bukavu kusingizia radi ni rahisi. Mwaka 2016 watafiti walitoa orodha ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, baada ya kupitia miaka 16 ya mimweko iliyohesabiwa na setilaiti. Ya kwanza ni Ziwa Maracaibo kule Venezuela, mimweko 233 kwa mwaka katika kila kilomita ya mraba. Ya pili ni Kabare: 205. Kabare hii hii inayotuzunguka, tunakopata mboga na maziwa. Mingi ya mimweko hiyo huishia wingu kwa wingu bila kugusa ardhi, lakini inayobaki inatutosha. Mwezi wa tisa ukishaingia, mawingu yakijipanga upande wa Kahuzi saa za alasiri, hata mtoto wa chekechea anajua kinachofuata.

Televisheni ndiyo iliyokwenda kwanza, na hiyo kweli iliuawa na radi. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nimechomoa plagi. Mvua ilianza saa kumi na moja, nikachomoa, nikakaa na watoto nikijiona mwerevu. Ikapiga kule kilimani nyuma yetu, mlio mkavu kama mbao inayopasuliwa, na kutoka nyuma ya televisheni kukasikika "tak!" ndogo. Waya wake wa umeme ulikuwa unaning'inia hewani.

Kesho yake fundi wa Nyawera alifungua mgongo wake mbele yangu. Akanionyesha kwanza upande wa umeme: safi kabisa, hata fyuzi ya kioo ilikuwa inang'aa. Halafu akasogeza taa pale waya wa antena unapoingia. Njia ya shaba kwenye bodi ilikuwa imetoweka, pamebaki alama nyeusi iliyojipinda kama mahali alipopita konokono. "Mama, iyi iliingia kwa mlango wa nyuma," akasema. Dishi liko juu ya bati, na waya wake unashuka mita kumi na kitu hadi sebuleni. Radi haihitaji kulipiga dishi lenyewe. Ikianguka jirani tu, waya wowote mrefu ulio karibu unazaa umeme wake kwa nukta ile. Nilikuwa nimefunga mlango wa mbele, wa nyuma nikauacha wazi.

Friza ilikufa mwezi wa saba. Mwezi wa saba huku hakuna wingu, hakuna mvua, vumbi tupu. Mimi huuza samaki, sambaza na wale wa kugandisha, kwa hiyo friza kwangu ni duka. Saa mbili usiku taa zetu zikaanza kuwaka vibaya: nyeupe, nyeupe mno, mpaka vivuli vya viti vikachongeka ukutani. Nikatoka uani. Kwa jirani yangu, mama ambaye saa hizo huwa anapika kwa jiko la umeme, balbu ilikuwa nyekundu kama kaa linalozimika. Yeye ananiuliza mbona kwenu kuna mwanga hivyo, mimi namuuliza mbona kwenu kuna giza. Tukiwa bado tunashangaana, ndani stabilizata yangu ya dola 60, kile kisanduku cha kusawazisha volti, ikanguruma, ikanuka, ikanyamaza. Friza ikaifuata.

Fundi alikuja na mita yake, akaichomeka kwenye soketi: volti 340. Inayotakiwa ni 220. "Mama, iyi si radi. Ni nyutro." Waya wa nyutro ulikuwa umeliwa na kutu pale unapofungwa kwenye nguzo, ukaachia.

Alinieleza nikashika. Mtaani zinapita fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme, na kila nyumba inachukua moja. Nyutro ndiyo njia ya kurudia ya wote. Kati ya fezi na nyutro ni volti 220, kati ya fezi na fezi ni 380. Nyutro ikikatika, mimi na jirani wa fezi nyingine tunabaki tumeunganishwa kama watu wanaovutana kamba, tukigawana zile 380. Mwenye jiko na pasi anabaki na volti chache. Mwenye balbu mbili na friza anabebeshwa zilizobaki. Ndiyo maana yeye alikuwa gizani na mimi kwenye arusi.

Na ile stabilizata? Hapa ndipo hasira yangu ilipo, maana niliuziwa kama kinga. Kazi yake ni kuinua umeme dhaifu, 160 au 170, uwe 220. Kubeba 340 haiwezi. Radi ndiyo haiioni kabisa: radi inafika kwa sehemu za milioni za sekunde, na relei ya stabilizata inakuwa bado haijaanza hata kujongea. Mtu akikuambia hiyo ni dawa ya radi, muulize ameitoa wapi.

Modemu sina mengi ya kuisimulia. Umeme ulikatwa kwa zamu, ukarudi usiku, mtaa mzima ukapiga kelele "Umeme imekuyaaa!", na katika dakika ile ile kila friji, kila pasi na kila kinu vikavuta kwa pamoja. Volti zinaruka na kushuka kama mbuzi aliyefunguliwa. Modemu ilikuwa kwenye ralonji, ule waya wa kuongezea soketi, yenye kitufe chekundu, ile ambayo wauzaji wanasema "inalinda". Mwanangu aliifungua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya shaba na taa ndogo, basi.

Kwa hiyo vifo vitatu, radi moja.

Nilichofanya baadaye kilianzia chini, kwenye udongo. Fundi alipigilia fimbo ya shaba ya mita mbili nyuma ya bafu, mahali maji ya kuogea yanapomwagika, kwa sababu udongo mbichi unapitisha umeme vizuri kuliko mkavu. Kutoka pale waya wa kijani na njano ukaingia kwenye kisanduku cha umeme, kwenye kifaa ambacho mafundi wa huku wanakiita parafudre. Volti zikipanda ghafla, hicho kinafungua njia na kuzimwaga ardhini. Bila ile fimbo hakina pa kuzimwaga, na nyumba nyingi ninazozijua hazina fimbo. Soketi ina matundu matatu, la tatu halijafungwa popote. Dada yangu aliye Goma alitaka kuniiga akashindwa: nyumba yake imekaa juu ya lava ya Nyiragongo ya 2002, nyundo inarudi mkononi. Wao ilibidi wachimbe mtaro na kulaza waya wa shaba ndani ya udongo wa kuletwa.

Friza mpya ina kidude chake chenye taa tatu. Volti zikizidi 260 au zikishuka chini ya 180 kinakata, na umeme ukirudi kinasubiri dakika tatu kabla ya kuiachia, ili gesi ya kompresa itulie kwanza. Hicho ndicho cha kupambana na nyutro iliyokatika, kwa bei ya chini kuliko stabilizata iliyokufa.

Na bado nachomoa. Plagi, waya wa dishi, waya wa modemu, vyote, na mapema. Nikiona mwanga nahesabu mpaka ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Nikifika thelathini kabla haijanguruma, nina muda. Ikiwa chini ya hapo siendi kugusa waya wowote, vife vikitaka. Radi ikiangukia nyumba yenyewe hakuna kidude cha kuizuia.

Mwezi wa tatu mwaka huu ilipiga tena, usiku wa manane, tukiwa tumelala na kila kitu kimechomekwa. Asubuhi nikaenda kwenye kisanduku na tochi ya simu. Kadirisha ka parafudre kalikokuwa ka kijani kamekuwa kekundu, maana yake imejitoa. Friza ilikuwa inanguruma taratibu, samaki wagumu kama mawe. Fundi alibadilisha kile kipande kwa dakika kumi, akataka kuondoka na kilichoungua. Nikamwambia akiache, kina mahali pake kwenye boksi.