Jumatano Yangu na Kesi ya Karama

Saa 11 alfajiri. Chai ya rangi, mkate wa kumimina uliobaki jana, na rundo la madaftari yaliyonishinda usiku. Swali nililotoa: eleza mandhari ya Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert. Karibu darasa zima limeandika sentensi moja, neno kwa neno: mandhari ni ya kufikirika, nchi inaelea angani. Wameitoa kwenye zile noti zinazouzwa stesheneri. Si uongo. Lakini Shaaban Robert alikuwa mtu wa Vibambani, hapo kusini mwa mji wetu wa Tanga, na mkate wake aliupata kwa ukarani wa serikali ya mkoloni. Mtu kama huyo kwa nini aitundike nchi hewani, na ardhi anaiona tele? Noti hapo zimekaa kimya.

Saa 12:45. Baiskeli kutoka Makorora hadi shuleni. Jasho tu, hakuna cha kusimulia.

Saa 2:40. Kipindi pacha, Kidato cha Tano HKL, wale wa Historia, Kiswahili na Kiingereza. Nawakataza kufungua kitabu. Naandika ubaoni 1951, mwaka kilipotoka, nauliza nani alikuwa anatawala hapa.

"Mwingereza!"

Na TANU, chama kilichopigania uhuru, kilianzishwa lini? Hapo wanahesabu vidole: 1954. Basi kitabu kimekitangulia chama kwa miaka mitatu.

Kisha nawapeleka mahakamani. Sheria ya 1929 iliziweka mahakama za wenyeji mikononi mwa maofisa tawala. Ukishindwa kesi, rufaa inapanda kwa ofisa wa wilaya, kwa wa jimbo, hadi kwa gavana. Anayekutawala ndiye anayekuhukumu. Na wakili haruhusiwi kuingia humo akusemee.

Sasa fungueni kitabu. Karama ameshtakiwa mbele ya mfalme, mshitaki wake Waziri Majivuno. Kosa lake nini? Binti wa dawati la mbele anasoma, anasita, anarudia kwa sauti: alitaka kufundisha uanasheria. Darasa linaguna. Kwa mguno ule mie nimeshalipwa mshahara wa mwezi, maana wamejua wenyewe kwamba kosa lile halikutoka angani.

Tunakwenda kwa wajumbe sita, waliotumwa pande zote, mbinguni na ardhini, wakarudi na habari njema, wakaishia gerezani. Hapo nawatajia Wameru waliohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, karibu na Mlima Meru, mwishoni mwa 1951, na mwenzao Kirilo Japhet aliyekwenda New York mwaka uliofuata kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Nawaonya wasiandike kwenye mtihani kwamba kitabu kinamzungumzia yeye. Nimemleta waone tu jinsi safari ya mjumbe ilivyokuwa na uzito siku zile.

Mkono juu, nyuma kabisa. "Kwa hiyo, mwalimu, Majivuno ndiye Mwingereza?"

Miaka ya nyuma ningejibu ndiyo, na nimewahi kujibu hivyo, naona haya. Kabla sijafungua mdomo mwenzake kamdaka: "Mwingereza wapi! Majivuno si mzaliwa wa Kusadikika? Yeye hakuja na meli."

Zogo likaanza. Mmoja anasema liwali, yule ofisa wa mkoloni huku pwani, naye alikuwa mzaliwa. Mwingine anataka kujua mfalme tumweke upande gani, maana mwisho wa yote ndiye anayemwachia Karama huru. Mimi nimekaa juu ya meza, chaki mkononi, sina la kuongeza. Kengele ikatukuta hapo.

Saa 4:30. Mihogo ya kukaanga na achari. Mwalimu wa taaluma ananikumbusha kwamba niko nyuma ya azimio la kazi kwa wiki mbili, na kwamba somo la historia lina mwalimu wake. Namwambia ni kweli. Wiki mbili zile zimekwenda huko huko kwenye historia.

Saa 6 hadi 8. Vipindi viwili vya sarufi. Ngeli ni ngeli.

Saa 10 jioni. Napitia Ngamiani kumsalimu mzee mmoja, karani wa mahakama mstaafu, kakaa barazani na kahawa yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Leo umewafunza nini hao?"

Namsimulia zogo la Majivuno. Anacheka mpaka kikombe kinamwagika. Marehemu baba yake, ananiambia, alikuwa na neno: ukiitwa kwa liwali, kofia uchukue, ulimi uache nyumbani. "Na liwali mwenyewe," anaongeza, "walikuwa wakisali safu moja."

Namwomba ruhusa nilipeleke darasani neno lile. Ananiruhusu, bali jina lake nisilitaje.

Saa 3 usiku. Nimelifuta swali la Ijumaa, lile la kutaja sifa tano za Majivuno. Mahali pake nimeandika: "Majivuno hakuja na meli. Jadili." Sasa nahangaika na mwongozo wa kusahihisha. Alama ishirini hizi nizigawe vipi?