Kusaka bundi kwenye mawe ya Mwanza

Kabla ya tochi na darubini, mtafuteni mwenyekiti wa mtaa. Watu wanne wanaozunguka majabali usiku wakisikiliza bundi wana maelezo ya kutoa, na kwa kuwa huku kwetu bundi akilia juu ya bati watu huanza kuulizana nani mgonjwa, ni afadhali maelezo hayo yatolewe mchana. Sungusungu nao wajue mtakuwa kilima gani na mtashuka saa ngapi. Wenyeji wakishawaelewa, mara nyingi wao ndio watakaowaonyesha jiwe lenyewe: mchana anakaa pale, magharibi anahamia kwenye nguzo ya umeme.

Huyo wa kwenye nguzo kwa kawaida ni Bubo africanus, mwenye "pembe" za manyoya na rangi ya jabali, urefu kama sentimita 45. Hajengi kiota cha vijiti; hutaga chini, kwenye mwanya wa mwamba au kando ya jiwe. Ndiyo maana msako unaanza mchana, kwa kuyasoma mawe. Hapo wengi hupotea, kwa sababu majabali ya Mwanza yana michirizi myeupe kila upande na mingi ni mikojo ya pimbi. Pimbi hujisaidia mahali pamoja miaka nenda miaka rudi. Mkojo ukikauka huacha madini meupe. Mchirizi wake ni mrefu, unateremka, umechanganyika na kahawia, na chini yake kuna kinyesi cha vidonge kama cha mbuzi. Ukitaka kulizoesha jicho, nenda mchana kisiwani Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, ambako pimbi wapo.

Kinyesi cha bundi ni kama chokaa iliyorushwa kwa brashi: matone na mabaka chini ya sehemu moja, na kati yake mabonge. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika mifupa na manyoya yakiwa yamefinyangwa pamoja. Loweka bonge kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, ulifungue kwa njiti mbili za kibiriti. Meno ya mbele ya panya, ya rangi ya chungwa, huonekana mara moja. Vipande vyeusi vinavyong'aa ni magamba ya mende na vifaurongo. Bonge zima likiwa jeusi na linang'aa kama limepakwa vanishi, na mko chini ya paa la jengo kuukuu, huyo ni Tyto alba, mwenye uso mweupe wa umbo la moyo. Msisubiri mlio wa "huu". Sauti yake ni sanda inayopasuliwa.

Usiku wa kwenda, mvuvi wa dagaa atawachagulia. Taa zake zikijaa ziwani, ni giza la mwezi. Mbalamwezi ikitanda anapumzika, kwa kuwa dagaa hawaifuati taa vizuri ziwa lote likiwa linamulikwa. Siku hizo ndizo zenu: bundi wengi huita zaidi, nanyi mnaona njia bila tochi. Ila upepo ukitikisa mipapai, rudini nyumbani. Masikio hayatafanya kazi.

Jua huzama karibu saa 12:50 jioni. Fikeni nusu saa kabla, kaeni, simu zizimwe. Kwarara wakishapita na kelele zao za mwisho, anaweza kuanza Glaucidium perlatum, mdogo kama ngumi, kwa filimbi zinazopanda mfululizo kisha kushuka. Huyu huita hata mchana, na kisogoni ana madoa mawili meusi kama macho ya bandia. Giza likishatulia huja Otus senegalensis: mkwaruzo mmoja mfupi, "prrup", kimya cha sekunde 5 hadi 8, tena "prrup". Kando ya ziwa atachanganywa na vyura wa kwenye matete. Tembea hatua chache kuelekea sauti: chura hunyamaza, na akiwa na wenzake hushindana nao kwa kasi. Bundi hushika mwendo uleule kama saa ya ukutani, na sauti yake inatoka juu.

Spika ya kumpigia bundi sauti zilizorekodiwa ili ajibu ndiyo huharibu zaidi. Kwetu sisi rekodi ni za kujifunzia nyumbani, na tovuti ya xeno-canto inazo bure. Mkilazimika kupiga, anzeni na bundi mdogo mmalizie na mkubwa, kwa kuwa wakubwa huwala wadogo na sauti yao itawanyamazisha wote. Sekunde 30, kimya dakika 3, mara tatu basi. Muda wa kimya tazameni juu, kwa sababu mara nyingi anakuja bila kujibu na mabawa yake hayana kelele. Karibu na kiota msipige kabisa: mama akiondoka kumfukuza mgeni wa uongo, mayai hubaki wazi.

Tochi ishikwe usawa wa jicho, pembeni ya shavu, la sivyo mng'ao wa macho hautawarudia. Mmulikeni kwa ukingo wa mwanga, sekunde 10 zinatosha. Flashi ya kamera ibaki imezimwa. Macho ya chungwa yanayoruka tawi hadi tawi ni komba.

Msitie mkono kwenye mwanya wa jiwe, nyoka hupumzika humo. Ufukweni msikae kati ya kiboko na maji, wala msikanyage maji ya kina kifupi kwa ajili ya kichocho.

Anayemtaka Strix woodfordii, asiye na pembe na mwenye macho meusi, atafute msitu mnene kama Minziro, mkoani Kagera. Huku kwenye mawe atapoteza usiku wake. Kwenye daftari andikeni saa, hali ya mwezi, upepo na idadi ya sauti, hata usiku usio na sauti hata moja. Mtandaoni tajeni kata tu, kiota kibaki daftarini: wapo wanaomtafuta bundi kwa ajili ya dawa, nao wanasoma kama ninyi.