Pikipiki inazimika njiani, ikipumzika inawaka: tazama kifuniko cha tangi

Alhamdulillahi, limekwisha. Naandika ili mwengine asihangaike.

Kundi letu hutoka Chake Chake kwenda kula mchana Konde, hapa Pemba, kwa njia za ndani za vijijini. Pikipiki yangu ilianza vizuri, kisha ikakosa nguvu, ikakohoa, ikazimika. Ukiipumzisha kidogo inawaka kama kwamba haina kitu. Wenzangu wananingoja chini ya mikarafuu, na huko wali unapoa.

Nilibadilisha plagi. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, ikaoshwa, chujio la petroli likawekwa jipya. Wapi!

Ilipozimika tena, mwenzetu mmoja akaniambia, "Hebu fungua kifuniko cha tangi, usikilize." Nilipokizungusha tu, nikasikia hewa ikivutwa ndani: fyuuu! Nikapiga kiki, ikawaka pale pale. Sauti ile ndiyo iliyonifungua macho. Petroli hushuka kwenye kabureta kwa uzito wake, na inaposhuka lazima hewa iingie tangini kujaza nafasi. Hupitia kitundu kidogo sana cha kifuniko. Kitundu changu kilijaa vumbi lililoganda, hewa ikawa haiingii vya kutosha, na petroli ikaacha kushuka.

Nyumbani nilikitoa kifuniko, nikakiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikakisugua kwa mswaki mkuukuu na kupitisha waya mwembamba taratibu. Nikapuliza hadi hewa ikapita, nikakianika kikauke kabisa, maana maji yakiingia tangini ni balaa jengine.

Jumapili tumefika Konde bila kusimama. Ukiona dalili hizi, anza na kifuniko, injini ikiwa imezimwa na sigara iko mbali.