Stika za gari la rali kunyanyuka kwenye bonde la bampa: nilivyotatua

Mstari wa rangi unaotoka mlangoni hadi bampa la nyuma ulilala vizuri, lakini gari likishinda juani vinili (plastiki nyembamba yenye gundi inayotengenezea stika) inanyanyuka kwenye bonde la bampa na kuacha mfuko wa hewa. Gundi ya kingo haikusaidia. Kubonyeza upya, bure.

Nilibandua kipande chote, nikafuta bampa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, likakauka. Nikachukua vinili ya kasti, yaani inayotengenezwa kwa kumiminwa ikiwa majimaji, maana ile ya bei rahisi husinyaa. Nikaanza kubandika ndani ya bonde kwenda nje, si kuitandaza juu kama daraja kisha kuisukuma chini.

Siri ilikuwa joto la mwisho. Joto la kubandikia huilainisha vinili tu. Iliyovutwa bado inataka kurudi umbo lake. Baada ya kumaliza, pasha sehemu zote zilizovutwa, polepole, hadi nyuzi 95 za Selsiasi, ili isitake tena kurudi. Pima kwa kipimajoto cha leza, mkono hudanganya.

Kwenye mchoro wa stika nilisogeza pia herufi za mdhamini sentimita 3 kutoka bondeni, kwani zikivutwa hupinda.