Koroboi kwenye pima ya nne

Jana umeme ulikatika tukiwa mezani, na mpangaji wa chumba cha uani akawasha koroboi. Harufu ya mafuta ya taa ikaingia kwa dirisha la jikoni. Mwanangu, yule mkubwa, alikuwa bado anaendelea na hoja yake ya wiki nzima: lile tangi la chini, la maji ya mvua, atalisafisha mwenyewe. Fundi ametaka shilingi 80,000.

"Mama, ni kazi ya saa mbili. Unashuka, unakomba tope, unapanda. Elfu themanini ya nini?"

Nilikuwa na tonge mkononi. Nikalirudisha kwenye sahani.

Maneno hayo niliwahi kuyasikia, karibu vilevile, Oktoba ya 1996, nyumbani Ng'ambo, Tabora, chini ya ule mwembe. Aliyeyasema alikuwa Baba.

Mnaomkumbuka mnajua alivyokuwa. Viatu vyetu alishona mwenyewe kwa uzi wa katani na nta. Nywele za Kulwa alinyoa mwenyewe. Redio ikikoroma aliifungua juu ya gazeti, akapanga skrubu kwa mstari ili asipoteze hata moja, na kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilikuwa inasema tena. Kazini kwake, karakana ya reli, alishinda na vyuma ambavyo wanaume wanne hawavinyanyui. Kumlipa mtu kwa kazi ambayo mikono yako inaiweza, kwake ilikuwa sawa na kumlipa jirani aje akusaidie kula ugali wako. Na mshahara wenyewe ulikuwa wa kuhesabu. Sikumwona kamwe kama bahili. Nilimwona kama mtu asiyeshindwa na kitu, na mpaka leo nikifikiria neno "baba" picha inayokuja ni ile ya skrubu zilizopangwa kwenye gazeti.

Kisima chetu kilikuwa na pima sita, yaani futi 36. Mwaka ule, kufikia Oktoba, ndoo ilikuwa inapanda na tope nusu na maji nusu. Ilibidi tope litolewe na kisima kiongezwe kina kabla ya mvua. Mama akaita mzee mmoja wa Isevya ambaye kazi yake ilikuwa visima na hakuwa na nyingine. Akaja, akatupa kijiwe, akainamisha kichwa kusikiliza, akasema: shilingi 15,000, siku mbili, na nitaanza alfajiri.

Baba aliposikia siku mbili akacheka. "Kazi ya nusu siku hii. Jumamosi nashuka mwenyewe. Kulwa atashika kamba."

Kulwa alikuwa na miaka 12. Na mimi vilevile, maana nilimfuata kuzaliwa kwa robo saa.

Ijumaa usiku Mama aliniita jikoni kana kwamba anataka nimsaidie kupepeta mchele. Akaninong'oneza: "Doto, kesho baba yako akianza kufunga kamba, toka kwa mlango wa nyuma. Nenda kwa yule mzee. Mwambie apite tu hapa, kama mtu anayepita njia. Na baba yako asijue kama ni mimi." Mama hakuwa na elimu ya hewa. Alikuwa na kumbukumbu ya kijijini kwao, ya watu walioingia kisimani na kutolewa wamekufa bila jeraha. Alikuwa amemweleza Baba. Baba akasema hao walikuwa walevi.

Basi nikakimbia. Njia yote siikumbuki, nakumbuka tu mchanga ulivyokuwa umeshapata moto kabla ya saa nne.

Tuliporudi, Baba alikuwa tayari. Kaptula ya kazi, kifua wazi, miguu mitupu. Kamba ya katani ilimzunguka kiunoni mara mbili, ikapita kwenye kapi, ikaishia mikononi mwa Kulwa na kijana mmoja wa jirani. Mguu wake wa kulia ulikuwa ndani ya kisima, umeshapata kishimo cha kwanza cha kukanyagia.

"Mwangaluka, Baba Kulwa."

"Mwangaluka, mzee."

Mzee hakuuliza unafanya nini. Aliketi kwenye ukingo, akaomba maji ya kunywa, akanywa taratibu, akarudisha kikombe. Kisha akasema, "Nipeni koroboi."

"Mchana huu?" Baba akauliza.

"Mchana huu huu."

Mama aliileta haraka mno; nadhani alikuwa ameiweka karibu. Mzee akatoa mfukoni uzi mrefu wenye mafundo, fundo moja kila pima. Akafunga koroboi, akaiwasha, akaiteremsha. Sote tukainama. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi, kidevu juu ya ukingo, na ile baridi ya kisima ikanigusa usoni.

Mwanga ulikuwa wa rangi ya embe bivu. Ulishuka ukizunguka polepole kwa sababu uzi ulikuwa unajisokotoa, na kila ulipozunguka ulionyesha kitu ambacho sikuwahi kukiona ingawa nilichota maji pale kila siku: mizizi ya mwembe iliyotoboa ukuta, alama za sululu ya mtu aliyechimba kabla hatujazaliwa, chura mmoja kwenye tundu. Pima ya kwanza. Pima ya pili. Mzee alihesabu kwa sauti ndogo, kama anayehesabu tasbihi. Pima ya tatu, mwanga ukawa mwekundu. Nilidhani ni umbali. Fundo la nne lilipopita kidoleni mwake, ule mwali ukarefuka, ukawa mwembamba kama unyasi, ukanyanyuka juu ya utambi. Kwa muda wa pumzi moja ulikaa hewani peke yake, haujashika chochote. Halafu haukuwepo.

Upepo haukuwepo. Maji hayakuwa yamerukia. Chini yake zilibaki pima mbili za giza.

Mzee akaivuta juu. Utambi ulikuwa bado unafuka moshi. Akampa Baba kiberiti. "Washa wewe. Teremsha wewe."

Baba akautoa mguu kisimani, akapiga magoti, akawasha, akateremsha. Nilimtazama yeye safari hii. Alikuwa na ule uso wa kufungua redio, uso wa mtu anayejua kwamba kosa lipo mahali na litapatikana. Fundo la kwanza, la pili, la tatu. La nne. Uso haukubadilika, ila mkono ulisimama. Akaivuta, akaiwasha tena bila kuambiwa, akateremsha mara ya tatu, polepole zaidi, na ilipozimika mahali palepale akabaki ameshika uzi, hauvuti wala hauachii.

"Hapo chini hakuna kitakachokukaba," mzee akasema. "Hutasikia harufu. Utasikia miguu mizito, utataka kukaa kidogo. Basi." Akageuka akamtazama Kulwa, kamba mkononi. "Na huyu angeshuka kukufuata."

Baba alianza kufungua kamba kiunoni. Fundo alilifunga yeye mwenyewe, lakini vidole havikulipata. Mama akaja akaligeuza upande wa nyuma na kulifungua. Wala hawakutazamana.

Yaliyofuata yalienda upesi. Mzee alikata tawi kubwa la mwembe lenye majani, akalifunga kamba, na mchana kutwa akina Kulwa wakawa wanalipandisha na kulishusha ndani ya kisima, kama wanatwanga, ili kuchanganya hewa. Akakataa mtu yeyote kushuka siku ile. Akarudi Jumapili saa kumi na moja alfajiri, akateremsha koroboi, nayo ikafika mpaka juu ya tope ikawaka imetulia. Kwanza akashuka mwanawe mtu mzima. Halafu, na hili watu wengi nikiwasimulia hawalitegemei, akamwambia Baba, "Haya, zamu yako." Baba akashuka. Mzee alikaa ukingoni akimsemesha bila kukoma, habari za mvua, za bei ya mpunga, za treni ya Mwanza, na kila neno alidai jibu. Baba akichelewa kujibu, kamba ilikazwa. Koroboi nayo ilikaa mle ndani, chini ya magoti yake. Jua lilipopanda wakatoka, wakamalizia Jumatatu alfajiri. Futi nne ziliongezwa. Siku mbili za kazi, kama alivyosema.

Miaka mingi baadaye, chuo cha uuguzi, ndipo nilipoelewa sababu. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Mwali wa mshumaa au wa koroboi hufa oksijeni ikikaribia asilimia 16. Hapo mtu bado amesimama, ingawa akili imeshaanza kuwa nzito. Ikishuka chini ya 10 anaanguka. Mwanya huo kati ya kufa kwa taa na kufa kwa mtu ndio mzee aliokuwa anaufanyia kazi, bila kuujua kwa namba. Majani na tope vikioza hula oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, kwa hiyo hulala chini. Na joto la Oktoba la Tabora linaongeza: mchana hewa ya juu ni ya moto na nyepesi, ya kisimani ni ya baridi na nzito, hakuna inayompisha mwenzake. Usiku ndiyo hewa ya juu inapoa, inazama, na ile mbovu inasukumwa itoke. Ile alfajiri ambayo Baba aliiona kama maringo ya fundi anayetaka kurefusha kazi, ilikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Sisemi mtu achukue koroboi leo ajipime mwenyewe. Kuna vitu haioni. Ukiteremsha pampu ya petroli kisimani, moshi wake una kaboni monoksaidi, na taa itaendelea kuwaka vizuri huku mtu anakufa. Kwenye shimo la choo moto wenyewe unaweza kulipua gesi. Mzee alijua kisima cha aina gani kinafaa koroboi, na hilo hakutufundisha kwa sababu hatukumuuliza.

Baba alilipa zile 15,000 kwa miezi mitatu, elfu tano kila mwisho wa mwezi. Hakuomba kupunguziwa. Alizipeleka mwenyewe kwa baiskeli, na mara ya mwisho alikaa huko mpaka jioni.

Ninalolibeba ni lingine. Kama wiki mbili baada ya kisima, redio ilianza kukoroma. Nilitandika gazeti mezani kama kawaida yangu. Baba akalitazama, akalikunja, akaifunga redio kwenye kitambaa, akaipeleka kwa fundi wa mjini. Ilirudi inasema vizuri kabisa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, na sikuweza kumweleza Mama ninalia nini. Baadaye alirudia kushona viatu na kunyoa, lakini redio hakuifungua tena mpaka tunamzika 2011.

Inawezekana alichoka tu. Inawezekana macho yalikuwa yameanza kumwacha, maana miwani alianza mwaka uliofuata. Lakini mimi ndiye niliyemleta yule mzee mbele ya majirani, Baba akiwa na mguu mmoja kisimani, na sikuwahi kumwambia. Mama naye hakumwambia. Nikiwa naye wodini siku za mwisho nilikuwa nimeshafungua mdomo, akaomba maji, nikaenda kuyaleta, na niliporudi alikuwa amelala. Ningekimbia tena kesho, na haraka zaidi. Lakini bado nadhani alistahili kujua nani alimwitia mtu, na kwa nini.

Nilimpigia fundi wa tangi jana hiyohiyo, koroboi ya mpangaji ikiwa bado inanuka. Nikamuuliza kitu kimoja tu: unaanzaje? Akasema anafungua mfuniko siku moja kabla, anatoa maji yote, anapuliza hewa kwa feni kwa muda mrefu, na hashuki bila mtu wa juu mwenye kamba. Nikamwambia 80,000 ni sawa, aje Jumamosi.

Mwanangu alikuwa anasikiliza. Nilitegemea anune. Badala yake akauliza, "Huyo mtu wa juu, naweza kuwa mimi?"

Ana miaka 19 na mikono ya babu yake. Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho yenyewe ndiyo leo, na tangu asubuhi anapita pita hapa jikoni.